Tangazo Lako Likiondolewa Kimakosa Kwenye Soko la Mtandaoni: Mwongozo kwa Wauzaji wa Nyanda za Juu Kusini

Muuzaji wa vikapu wa Iringa, wa mbao wa Mafinga au wa parachichi wa Rungwe ambaye wateja wake wengi wako Dar es Salaam na Dodoma hulitegemea tangazo lake la mtandaoni kama mwenzake wa soko la Mwanjelwa jijini Mbeya anavyokitegemea kibanda chake. Tangazo hilo likiondolewa, simu hunyamaza siku hiyo hiyo, na kinachobaki kwenye ukurasa wake ni ujumbe wa mstari mmoja unaosema kwamba bidhaa imekiuka kanuni, bila kueleza ni neno lipi au picha ipi iliyosababisha. Wengi hukata tamaa hapo hapo. Wengine hulipandisha tangazo lilelile mara kadhaa usiku mmoja, na kwa kufanya hivyo hujiingiza wenyewe katika kosa ambalo mwanzoni hawakuwa nalo.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya muuzaji ambaye bidhaa yake ni halali na tangazo lake limeondolewa isivyo haki. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba tangazo la namna hiyo hurudishwa kwa ushahidi unaoijibu kanuni iliyotajwa, katika ombi moja lililoandaliwa kwa utulivu. Kila hatua inayofuata hapa chini inalenga kukufikisha kwenye ombi hilo ukiwa na kila kitu mkononi.

Hakikisha kwanza kwamba limeondolewa kweli

Tangazo lisiloonekana si lazima liwe limeondolewa. Masoko mengi huyapa matangazo muda maalumu, na muda huo ukiisha tangazo hufichwa mpaka mwenyewe alihuishe. Mengine huliweka tangazo jipya au lililohaririwa kwenye foleni ya ukaguzi, na kwa saa kadhaa mwenye tangazo hulikuta kwenye akaunti yake huku wateja wasilione. Wakati mwingine kilichoguswa ni akaunti nzima: umezuiwa kuuza kwa muda, na matangazo yako yote yamefichwa kwa pamoja. Hali hizi zinahitaji hatua tofauti, kwa hiyo usianze kuandika malalamiko kabla ya kujua uko katika ipi.

Njia rahisi ya kupambanua ni kufungua sehemu ya matangazo yako ndani ya akaunti na kusoma hali iliyoandikwa kando ya kila tangazo, kisha kulitafuta tangazo hilo kwa simu ya mtu mwingine. Kwenye orodha ya bidhaa ya WhatsApp Business, bidhaa iliyokataliwa huwekewa alama nyekundu ya mshangao, na ukiigusa utapata nafasi ya kuomba ipitiwe upya. Kwenye Facebook Marketplace, tangazo lililokataliwa huonekana kwenye ukurasa wako wa kuuzia likiwa na maelezo ya kukataliwa. Fungua pia sehemu ya arifa na barua pepe uliyojiandikisha nayo, hata kama huitumii mara kwa mara, kwa sababu maelezo marefu zaidi ya sababu mara nyingi hutumwa huko, na wauzaji wengi waliofunguliwa akaunti na vijana wao hawajawahi kuifungua barua pepe hiyo tangu siku ya kwanza. Ikiwa neno la siri la barua pepe limepotea, lirudishe sasa, maana majibu ya rufaa nayo yatapitia hapo.

Usilifute na usilipandishe upya

Ukilifuta tangazo lililokataliwa, mara nyingi unakuwa umekifuta pia kitufe cha kuomba lipitiwe upya, na mkaguzi hatakuwa na cha kukagua. Ukilipandisha tena likiwa vilevile, mashine iliyolikataa mara ya kwanza italikataa mara ya pili kwa sababu ileile, na rekodi ya akaunti yako itaonyesha makosa mawili badala ya moja. Masoko makubwa huhesabu makosa hayo, na yanapojirudia adhabu huhama kutoka kwenye tangazo na kuiangukia akaunti. Kufungua akaunti mpya kwa jina la ndugu ili kukwepa kizuizi ni hatari zaidi, kwa sababu ni ukiukaji wa kanuni wenyewe, na ukigundulika utapoteza hata haki uliyokuwa nayo katika shauri la kwanza.

Badala yake, kusanya kumbukumbu. Piga picha ya skrini ya ujumbe wa kukataliwa pamoja na tarehe na saa, na nyingine ya tangazo lenyewe likionyesha kichwa cha habari, bei, maelezo na picha zote. Nakili linki au namba ya tangazo. Nakili maneno ya maelezo yako jinsi yalivyokuwa, bila kuyasahihisha, kwa sababu mkaguzi atayalinganisha na aliyonayo. Picha za bidhaa ziache katika simu iliyozipiga: picha halisi hubeba ndani yake tarehe na aina ya simu, lakini ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na taarifa hizo hupotea. Ukilazimika kumtumia mtu anayekusaidia, itume kama faili la waraka. Kazi hii yote haimalizi nusu saa, na ndiyo itakayoamua kama utasikilizwa.

Isome kanuni yenyewe kwa utulivu

Ujumbe wa kukataliwa hutaja kundi la kosa tu, kama vile wanyama, bidhaa za afya, silaha, bidhaa bandia au tangazo la kupotosha. Fungua ukurasa wa kanuni na usome kifungu kizima cha kundi hilo, kwa sababu huko ndiko kwenye mipaka na vighairi. Katika hatua hii muuzaji anapaswa kuwa mkweli kwa nafsi yake, kwani sehemu kubwa ya matangazo yanayolalamikiwa yaliondolewa kwa haki, na rufaa ya tangazo la namna hiyo ni kupoteza muda wako na kuichosha akaunti yako.

Facebook Marketplace, kwa mfano, hairuhusu kabisa kuuza wanyama hai. Kuku wa kienyeji, mbuzi, sungura na mtoto wa mbwa vyote vimo, hata kama kuwauza mnadani ni halali kabisa katika sheria za nchi yetu. Vilevile hairuhusu pombe, hivyo ulanzi na wanzuki havina nafasi hata vikiwekwa kwenye chupa nzuri. Hairuhusu tumbaku, na hairuhusu dawa. Soko lina haki ya kuwa na kanuni kali kuliko sheria ya nchi, na hoja ya kwamba bidhaa hiyo inauzwa kila siku Kabwe au Soko Kuu la Iringa haitamshawishi mkaguzi yeyote.

Kuna pia matangazo ambayo bidhaa haina tatizo, ila mstari mmoja wa maelezo umeiponza. Hili huwapata sana wauza asali, mafuta ya parachichi na unga wa lishe. Muuzaji anapoandika kwamba asali yake inatibu vidonda vya tumbo, inashusha sukari na kuondoa kikohozi sugu, ameihamisha bidhaa kutoka kundi la chakula kwenda kundi la tiba kwa mkono wake mwenyewe, na soko likiiondoa halijakosea. Hata sheria zetu zinatenganisha mambo hayo: tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Ondoa madai ya tiba, andika inakotoka, ujazo, aina ya chombo na bei, kisha omba tangazo lipitiwe upya. Wanunuzi wa asali wanajua wenyewe wanaitafutia nini.

Makosa ya kweli ya mtandao huanzia wapi

Ukaguzi wa kwanza katika masoko makubwa hufanywa na programu inayotazama picha na kusoma maneno, na binadamu huingia baadaye au asiingie kabisa. Programu hiyo huona maumbo isiyoyajua matumizi yake. Unga mweupe ndani ya mfuko wa nailoni usio na lebo unaweza kutiliwa shaka ambayo usingetiliwa ukiwa kwenye mfuko wa kilo mbili wenye chapa. Kisu cha jikoni kilichopigwa picha kikiwa kimeshikwa mkononi huonekana tofauti na kisu kilekile kikiwa kwenye seti yake mezani.

Chukua mfano wa fundi seremala wa Uyole anayetengeneza mabanda ya kuku ya kuhamishika, ya mbao na waya. Ili mteja aone ukubwa wa banda, fundi anaingiza kuku sita, anapiga picha nzuri ya asubuhi, na kichwa cha habari anaandika kwamba ni banda la kuku wa mayai. Programu inaona kuku sita wazima na neno kuku, na tangazo linaondolewa kwa kosa la kuuza wanyama hai. Hapa soko limekosea waziwazi, kwa kuwa kinachouzwa ni banda. Hata hivyo fundi naye anaweza kuona kilichosababisha, na ombi lake litakuwa na nguvu zaidi akilieleza hilo kuliko akililaumu soko.

Chanzo kingine ni ripoti za watu. Soko hupokea taarifa kutoka kwa watumiaji, na mshindani asiye mwaminifu anaweza kuwaomba rafiki zake waliripoti tangazo lako. Huwezi kuthibitisha hilo ukiwa nje, na sikushauri uliandike kwenye rufaa, hata kama una uhakika moyoni unamjua mhusika. Mkaguzi anapima tangazo, na tuhuma dhidi ya jirani humwondoa kwenye jambo unalotaka alitazame.

Bei nayo huponza. Wauzaji wengi huandika shilingi 1 au 123 ili mteja apige simu kuuliza, na masoko mengi huichukua bei hiyo kuwa ya kupotosha. Muuza viazi anayeandika bei ya gunia bila kutaja uzito yuko katika hatari hiyo hiyo, na akitaja lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, anajiongezea nyingine, kwa kuwa Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita ufungashaji huo kwa miaka mingi. Andika kilo na bei ya kilo. Namba ya simu iliyochorwa juu ya picha, picha iliyochukuliwa mtandaoni, na tangazo moja lililowekwa mara tatu kwa miji mitatu ni sababu nyingine za kawaida, nazo hazihitaji maelezo marefu: rekebisha.

Kukata rufaa au kurekebisha: bidhaa yako inaweza kusubiri kwa muda gani?

Miongozo mingi humwambia muuzaji adai haki yake kwanza. Mimi namshauri aangalie ghalani kwanza. Rufaa inaweza kujibiwa baada ya saa chache, na inaweza kuchukua siku nyingi bila mtu yeyote kukueleza ni lini itajibiwa. Mbao za Sao Hill zilizopangwa vizuri chini ya paa, vikapu vya milulu na vyungu vya Ikombe vinaweza kusubiri majibu bila kuharibika, na muuzaji wake ana kila sababu ya kukata rufaa kikamilifu ili rekodi ya akaunti isafishwe. Parachichi iliyokwisha kuvunwa haisubiri.

Kwa mwenye parachichi, nyanya, maziwa au ndizi za Tukuyu zilizoanza kuiva, njia ya busara ni kulihariri tangazo mara moja pale soko linaporuhusu kuhariri, kuondoa kila kinachoweza kuwa kimesababisha shaka, na kuomba ukaguzi wa tangazo lililorekebishwa. Wakati huo huo wapigie wateja wa zamani, weka bidhaa kwenye hali ya WhatsApp, na mpe taarifa dalali unayemwamini. Huo si uoga wa kudai haki. Madai ya kwamba tangazo la kwanza halikuwa na kosa yanaweza kuandikwa baadaye, mzigo ukishauzwa, kwa ajili ya kulinda akaunti.

Tahadhari moja: ikiwa umeamua kukata rufaa bila kurekebisha, usiguse tangazo wakati rufaa inaendelea. Mkaguzi akikuta maneno tofauti na yale yaliyokataliwa, hatajua anachokiamua, na kwenye baadhi ya masoko uhariri hulirudisha tangazo mwanzo wa foleni.

Namna ya kuliandika ombi

Mkaguzi ana muda mfupi sana kwa kila tangazo. Ombi lako lifupishwe kiasi kwamba likisomwa kwenye skrini ya simu lisihitaji kusogezwa mara nyingi, na likiwa na nafasi ya kuambatisha, picha mbili au tatu zilizochaguliwa vizuri zinatosha. Mambo yanayotakiwa ni haya: namba ya tangazo, kosa lililotajwa, bidhaa yenyewe ni nini, kwa nini kanuni hiyo haiihusu, ushahidi unaoambatishwa, na utayari wako wa kurekebisha. Historia ya biashara yako, watoto wanaokutegemea na hasara uliyopata havimsaidii kuamua, ingawa ni vya kweli na vinauma.

Yule fundi wa Uyole angeweza kuandika hivi:

"Naomba tangazo langu namba … lililoondolewa tarehe … lipitiwe upya na mtu. Sababu iliyotajwa ni uuzaji wa wanyama hai. Bidhaa inayouzwa ni banda la mbao na waya, lenye urefu wa mita mbili, na bei iliyoandikwa ni ya banda peke yake. Kuku walioonekana kwenye picha ya kwanza waliwekwa kuonyesha ukubwa wa banda na hawauzwi. Nimeambatisha picha ya banda likiwa tupu na picha ya karakana ninakoyatengeneza. Niko tayari kubadilisha picha ya kwanza na kuongeza kwenye maelezo kwamba kuku hawamo kwenye mauzo. Asante."

Tazama kwamba maneno hayo hayaombi huruma wala hayatishi. Yanataja kosa kama soko lilivyolitaja, yanaleta ukweli mmoja unaolivunja kosa hilo, na yanampa mkaguzi njia nyepesi ya kukubali. Kiswahili sanifu chenye sentensi fupi hutafsirika vizuri zaidi kwa mashine kuliko lugha ya mtaani au maneno yaliyofupishwa, jambo lenye uzito mkubwa ikiwa anayesoma yuko nchi nyingine na anatumia tafsiri ya kompyuta. Ukimudu Kiingereza, ongeza maelezo yaleyale kwa Kiingereza chini yake. Usipokimudu, usimwachie mtu akuandikie jambo ambalo huwezi kulisoma.

Tuma ombi mara moja tu na uhifadhi picha ya skrini ya uthibitisho. Maombi kumi yanayofanana hayaharakishi majibu, na yanaweza kuhesabiwa kuwa usumbufu.

Ushahidi unaofaa kwa bidhaa za kwetu

Mbao ziambatane na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kama zimeshasafirishwa. Unga, asali na vyakula vingine vilivyosindikwa vina nguvu vikiwa na lebo na alama ya ubora ya TBS, na mjasiriamali mdogo ambaye bado hajaipata anaweza kuanzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wake, ambayo huwaongoza wajasiriamali kwenye utaratibu wa TBS.

Simu iliyotumika huondolewa kwa shaka ya kuwa ya wizi au bandia. Bonyeza *#06# upate namba yake ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ambao ni mfumo wa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) wa kuhakiki simu, na upige picha ya jibu litakaloonyesha aina ya simu. Simu bandia zilizimwa nchini tarehe 16 Juni 2016, kwa hiyo jibu hilo lina maana. Mtumie mkaguzi, lakini kwenye tangazo la wazi ifiche IMEI, kwani matapeli huzitumia namba za watu wengine.

Mitumba ndiyo yenye shida kubwa. Kiatu halisi cha kampuni maarufu kilichotoka kwenye belo kinauzwa Soweto ya Mbeya kwa bei ambayo programu haiwezi kuamini, na tangazo huondolewa kwa kosa la bidhaa bandia. Muuzaji hana risiti ya duka la Ulaya na hawezi kuipata. Alichonacho ni kiatu chenyewe, na hicho akipige picha kwa karibu: lebo ya ndani yenye namba ya modeli na ukubwa, mshono wa pembeni, soli ilivyochakaa, na ndani ya ulimi wa kiatu. Aambatishe risiti ya ununuzi wa belo, na aandike wazi kwamba kimetumika. Kwenye kichwa cha habari aepuke maneno kama orijino kabisa au grade one kopi. Neno kopi pekee linatosha kulizika tangazo, na mkaguzi yeyote atakuwa sahihi kulikataa.

Mtu akidai kwamba picha au jina ni lake

Wafumaji wa vikapu vya Iringa wanalijua hili vizuri. Picha ya kikapu iliyopigwa uani inachukuliwa na mtu asiyemfahamu, inatumika kwenye ukurasa wake, kisha huyo huyo anamripoti mfumaji kwa wizi wa hakimiliki. Katika sheria, aliyepiga picha ndiye mwenye hakimiliki tangu anapoipiga, bila kusubiri usajili. Kinachobaki ni kuthibitisha, na hapo ndipo picha halisi iliyobaki kwenye simu yako, pamoja na picha nyingine za siku hiyo zinazoonyesha kikapu hicho hicho kutoka pembe tofauti ambazo mwizi hawezi kuwa nazo, zinakuwa mali kubwa. Mazoea mazuri ni kupiga, kila mara, picha moja ya ziada ambayo hutaiweka mtandaoni: bidhaa ikiwa na karatasi yenye jina la biashara yako na tarehe.

Ikiwa dai limeletwa chini ya sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998, inayojulikana kwa kifupi kama DMCA, soko litakupa fomu ya kupinga. Ukiijaza ipasavyo na mlalamikaji asifungue kesi mahakamani, tangazo linapaswa kurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Isome kwa makini kabla ya kuweka saini. Unatamka chini ya adhabu ya sheria kwamba unaamini kwa nia njema kuwa tangazo liliondolewa kimakosa, unakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani, na jina lako, anwani na namba yako ya simu hupelekwa kwa aliyekushtaki. Ikiwa una uhakika, tumia njia hiyo. Ikiwa picha uliitoa mtandaoni, piga yako na uachane na shauri.

Fomu hiyo haihusu alama za biashara. Dai la alama ya biashara mara nyingi humalizwa kwa kumwandikia mlalamikaji mwenyewe, ambaye anwani yake mara nyingi hutajwa kwenye ujumbe wa soko, na kumwomba aondoe dai baada ya kuona ushahidi. Ikiwa jina linalogombewa ni la biashara yako mwenyewe, cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ndicho cha kuambatisha, lakini fahamu kwamba usajili wa jina la biashara na usajili wa alama ya biashara ni vitu viwili, na cha kwanza hakikupi ulinzi wa cha pili. Na ikiwa mtu amefungua akaunti kwa jina na picha zako akijifanya wewe, suala hilo limevuka kanuni za soko, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitambua kuwa kosa la jinai. Peleka picha za skrini kituo cha polisi na uombe namba ya taarifa.

Usikubali msaada wa anayekutafuta

Siku chache baada ya tangazo kuondolewa, au hata bila kuondolewa chochote, unaweza kupokea ujumbe wenye nembo ya soko unaodai kwamba ukurasa wako utafungwa ndani ya saa 24 usipobonyeza linki na kujaza fomu. Rufaa ya kweli hupatikana ndani ya akaunti yako, kwenye tangazo lililokataliwa. Haiji kwa linki ya WhatsApp, haiulizi neno la siri, haitaki namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yako, na kwa vyovyote haiulizi namba ya siri ya M-Pesa au ya mtandao mwingine wa fedha. Vijana wanaojitangaza kwamba wanarudisha akaunti kwa malipo hawana mlango wa nyuma wowote, na ukiwapa neno la siri umewapa duka. Ujumbe mfupi wa kitapeli unaweza kuusambaza kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Ikiwa rufaa imekataliwa au haijibiwi

Jibu la kukataliwa lenye maneno yaleyale ya mwanzo halina maana kwamba mtu ameusoma ushahidi wako. Tafuta kama soko lina nafasi ya pili ya rufaa, na uitumie tu ukiwa na kitu kipya: picha nyingine, cheti, au kifungu cha kanuni ambacho hukukitaja. Tangu Jumia ilipofunga shughuli zake nchini mwishoni mwa mwaka 2019, wauzaji wengi wadogo wamehamia Facebook, Instagram na WhatsApp, ambazo zote ni za kampuni moja ya Marekani, na kwa hizo hakuna kaunta ya kwenda kugonga mjini Mbeya. Masoko kama Jiji yana huduma kwa wateja inayopatikana nchini, na huko simu moja ya upole ukiwa na namba ya tangazo mbele yako inaweza kumaliza jambo.

Utakutana mtandaoni na maelezo ya sheria ya Umoja wa Ulaya inayolazimisha masoko kueleza sababu na kupokea malalamiko. Sheria hiyo inawalinda watumiaji walio katika nchi za umoja huo, hivyo kuitaja kwenye ombi lililotoka Njombe hakutakusaidia. Iliyo karibu nawe ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje na inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Malalamiko yake hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ikiwa ulilipia kifurushi cha kulikuza tangazo, kisha likaondolewa kimakosa na fedha hazikurudishwa, hilo ni suala la huduma uliyoinunua, na Tume ya Ushindani ndiyo ya kuipelekea.

Popote utakapokwenda, utaulizwa vitu vilevile: risiti ya malipo kama yapo, ujumbe wa kukataliwa, ombi ulilotuma, jibu ulilopewa na tarehe za kila kimoja. Vichapishe kwenye duka la stationari, vipange kwa kufuata tarehe, na juu yake weka ukurasa mmoja unaoeleza kilichotokea na unachotaka kifanyike, iwe ni kurudishiwa tangazo, kurudishiwa fedha au kuondolewa kosa kwenye rekodi ya akaunti. Chagua kimoja kati ya hivyo kiwe cha kwanza, na ukiandike kwenye mstari wa juu kabisa wa ukurasa huo.